Fungua Swali Kabla ya Kulijibu: Mwongozo Kamili wa Kuhoji Dhana Fiche Katika Maongezi

Wanaojaribu kuhoji dhana zilizojificha katika maongezi hukwama mahali palepale. Mmoja anajibu swali haraka, na usiku akiwa kitandani ndipo anagundua kwamba swali lenyewe lilikuwa na kasoro. Mwingine anagundua mapema, lakini anafoka "Nani amekuambia?" na maongezi yanageuka ugomvi. Wa tatu amekariri orodha ya makosa ya mantiki yenye majina magumu, akaenda nayo kwenye kikao cha chama cha kuchanga pesa, na hakunasa hata kosa moja. Orodha hizo hutungwa kwa kufuata lugha nyingine, ilhali dhana za Kiswahili hukaa ndani ya viambishi na viunganishi vya Kiswahili.

Dhana fiche ni jambo ambalo msemaji hakulitamka, ila usipolikubali maneno yake hayasimami. Akikuuliza "Uliacha lini kukopa?" hajasema kwamba ulikuwa unakopa. Ukijibu "Mwaka jana", umekubali. Ukijibu "Sijaacha", umekubali zaidi.

## Vitu vya kuandaa

- Daftari dogo la mfukoni na kalamu. Simu inafaa pia, ila ukiitoa katikati ya maongezi watu hudhani unawarekodi. Usimrekodi mtu bila ruhusa yake.
- Kipindi cha redio ambacho wasikilizaji hupiga simu, dakika 15 kila asubuhi. Ukipanda matatu, yaani basi dogo la abiria, kutoka Rongai au Githurai kuingia Nairobi kukicha utakisikia hata usipokitafuta.
- Mtu mmoja unayemwamini, atakayekubali umhoji na akuhoji.
- Siku 14. Saba za kwanza ni za kusikiliza, saba za mwisho ni za kusema. Anayeruka zile za kwanza ndiye anayerudi kulalamika kwamba njia hii inaleta uhasama.

Kabla hujaanza, jipime. Jibu upesi: Musa aliingiza wanyama wangapi wa kila aina katika safina?

Kama umesema wawili, rudia kusoma swali. Safina ilikuwa ya Nuhu. Mwaka 1981 watafiti Erickson na Mattson waliwauliza watu swali hili, na wengi wakajibu "wawili" ilhali walijua vizuri safina ilikuwa ya nani. Swali linadai idadi, kwa hiyo akili hukimbilia idadi, na Musa anapita kwa kuwa naye ni mzee wa Agano la Kale. Kumbe kulijua jambo hakutoshi kukulinda. Sikio lazima lizoezwe.

## Hatua ya 1: Zoeza sikio kwa viungo vinavyobeba dhana (siku ya 1 hadi ya 7)

Shika kundi moja kwa siku, na siku ya saba mawili ya mwisho. Ukiyachukua yote siku moja, hutasikia lolote.

-po- na -ki-. "Utakapooa utatulia" imekwisha kuamua kwamba utaoa. "Ukioa utatulia" imeliacha wazi. Hii ndiyo dhana inayopita kimyakimya kuliko zote katika familia zetu. Anza nayo.

Kiambishi cha mtendwa. "Uliona simu mezani?" ni swali la kawaida. "Uliiona simu mezani?" linachukulia kwamba kuna simu fulani, nasi sote tunaijua. Mwaka 1975 huko Marekani, watafiti Loftus na Zanni waliwaonyesha watu filamu ya ajali, kisha wakawauliza kama waliona taa iliyovunjika. Walioulizwa kana kwamba taa hiyo inajulikana kuwepo walisema "ndiyo" mara nyingi zaidi kuliko walioulizwa kwa jumla, pale ambapo taa ya namna hiyo haikuwepo. Kiingereza hufanya kazi hiyo kwa kijineno mbele ya nomino. Sisi tunaifanya kwa -i-, -zi- na -li-, ndani ya kitenzi, mahali ambapo sikio halisimami.

Tena, bado, -mesha-, acha, rudisha, sahau. "Umechelewa tena" ina kuchelewa kwa kwanza ndani yake. "Umeshaomba msamaha?" ina kosa ulilotenda ndani yake. "Amesahau kulipa" ina deni.

Ndiye, ndiyo, na virejeshi (kama -ye- katika "aliyeiba"). "Ni nani aliyeiba?" imeshafunga kesi ya wizi, kilichobaki ni jina.

Mbona. Neno hili halina mfano kwa ukali. "Mbona umenikasirikia?" limebeba hasira ambayo pengine hukuwa nayo, na lawama juu yake. "Kwa nini" nalo hubeba tukio, ila bila ile lawama.

Lakini, hata. "Ni mwanamke lakini anaendesha matatu vizuri." Ukimuuliza msemaji kama anawadharau wanawake atakataa, na huenda anasema kweli kadiri anavyojijua. Dharau imo katika "lakini", na hajaisikia.

Jua, dai, eti. "Wanajua kwamba aliiba" inakubali wizi. "Wanadai aliiba" haikubali. "Eti aliiba" inajitenga nao kabisa. Mtu anayeteleza kutoka "wanadai" hadi "wanajua" katika maongezi yaleyale hajaleta ushahidi mpya. Amebadilisha kitenzi tu.

-nge-. "Ungenisikiliza usingepata hasara" imeamua mambo mawili kwa mpigo: hukusikiliza, na umepata hasara.

*Onyo:* siku hizi saba usimhoji mtu yeyote. Sikio changa hunasa dhana halafu mdomo huiharibu.

*Utajua umefaulu* ukiweza, kwa dakika 15 za redio, kuandika sentensi tano na kupigia mstari silabi iliyobeba dhana katika kila moja.

## Hatua ya 2: Andika maneno yenyewe

Usiandike "alinilaumu". Andika alichosema, neno kwa neno, maana dhana hupotea unapofupisha. "Aliniuliza kuhusu pesa" haina la kuhoji. "Mbona hujarudisha pesa?" ina mambo matatu: pesa zilitoka, wewe ndiye uliyezipokea, na ulipaswa kuwa umezirudisha kufikia sasa.

Sentensi moja, mstari mmoja. Ukiona mistari minne, unaandika hisia zako.

## Hatua ya 3: Ikanushe

Hiki ndicho kipimo kikuu. Chukua sentensi na uipitishe katika maumbo matatu: kanusho, swali, na sharti la "kama".

- Ameacha kunywa.
- Hajaacha kunywa.
- Je, ameacha kunywa?
- Kama ameacha kunywa, tumpe kazi.

Kilichobaki katika yote manne ni nini? Kwamba alikuwa akinywa. Hiyo ndiyo dhana fiche. Dai la kawaida hufa linapokanushwa: "Jana alikunywa" ikiwa "Jana hakunywa", kunywa kumeondoka. Dhana haiondoki kwa "hapana". Ndiyo maana kulikataa swali bovu hakukusaidii, na mtu anayepiga kelele "Siyo kweli!" hujikuta amenaswa vilevile.

Mahakama zinalijua jambo hili. Sheria ya Ushahidi ya Kenya, Sura ya 80, ina masharti juu ya maswali elekezi, yaani yanayomtilia shahidi jibu mdomoni, na wakili aliye katika mahakama ya Milimani anaweza kuyapinga upande wa pili unapomuuliza shahidi wake. Sebuleni kwenu hakuna wa kupinga kwa niaba yako.

*Hitilafu ya kawaida:* kukanusha mahali pasipo. Katika "Nani aliyeiba pesa za chama?" wengi hujibu "Si mimi". Hapo umekanusha jina, na wizi umebaki palepale. Kanusha kitenzi kikuu, kisha uangalie kilichosalia.

## Hatua ya 4: Tafuta daraja lililorukwa

Kuna dhana ambazo kanusho halizishiki, kwa sababu hazimo katika neno lolote. Zimo katikati ya sentensi mbili. Maneno ya kukuonya ni "kwa hiyo", "ndiyo maana", "si ni" na "lazima".

"Amesoma chuo kikuu, kwa hiyo apewe uwekahazina." Daraja lililorukwa ni hili: aliyesoma chuo kikuu anajua kutunza pesa za watu. Liandike lote, kwa maneno mazima, kisha ujiulize: ninaweza kumfikiria mtu mmoja ambaye nusu ya kwanza ni kweli kwake na nusu ya pili si kweli? Ukimpata, daraja limepata ufa na unaruhusiwa kulihoji.

Daraja linaloumiza zaidi jijini ni lile la asili ya mtu. Mpangaji anaulizwa jina la pili, na kabla hajamaliza kulitamka ajenti ameshajua, kwa maoni yake, kama atalipa kodi kwa wakati. "Huyo ni wa kule kwao, lazima ni mkono mrefu." Daraja hapa ni kwamba watu wa mahali fulani wana tabia moja. Usilihoji kwa kutetea watu wote wa kule. Hapo utaletewa mifano kumi ya wezi. Mrudishe msemaji kwa mtu mmoja: "Yeye mwenyewe amefanya nini?" Mara nyingi hana la kusema, na kimya hicho hufanya kazi kuliko hotuba.

## Hatua ya 5: Chagua ya kuhoji

Nyingi ziache zipite. "Gari la Ngong linatoka saa ngapi?" linachukulia kwamba lipo, na lipo. Lugha isiyo na dhana haiwezekani. Tungeongea siku nzima bila kununua sukuma wiki.

Hoji iwapo dhana inagusa mojawapo ya haya: pesa, jina la mtu, au uamuzi unaotarajiwa kufanywa leo. Na hoji moja tu katika maongezi mamoja. Ukihoji ya pili, watu huacha kusikiliza hoja na kuanza kukuchunguza wewe.

## Hatua ya 6: Itoe dhana nje kwa sentensi yenye sehemu tatu (siku ya 8 hadi ya 14)

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Sehemu ya kwanza ni ya kupoza: "Samahani, turudi nyuma kidogo." Ya pili inataja dhana kama kitu kilicho mbele yenu: "Swali hilo linachukulia kwamba pesa zimeliwa." Ya tatu ni swali fupi ambalo kweli hujui jibu lake: "Hilo tumelithibitisha?"

Zote tatu zisizidi maneno 20. Zikizidi, mwenzako atasikia mahubiri.

Viwakilishi ni muhimu kuliko unavyodhani. Sema "tumejuaje?", usiseme "umejuaje?". Ile tu- inawaweka upande mmoja mkiitazama dhana. Ile u- inamweka mwenzako kizimbani. Na usitumie "mbona" katika kuhoji hata mara moja. Huwezi kuondoa dhana ya mtu kwa neno linalobeba ya kwako.

Kwa mkubwa wako wa ukoo. Mhoji mkiwa wawili, jikoni au njiani kwenda steji. Mbele ya wageni kila swali huwa utovu wa adabu, hata liwe la haki kiasi gani. Omba kufunzwa:

Shangazi: Utakapoolewa ndipo utayajua maisha.

Binti: Shangazi, nisaidie nielewe. Umesema nitakapoolewa. Nisipoolewa, unaona sitayajua?

Shangazi: Sikusema hivyo. Naogopa tu utakuja kuzeeka peke yako.

Hiyo "Sikusema hivyo" ndiyo sauti ya kufaulu. Dhana imetoka nje, mwenyewe ameitazama na kuikana, na nyuma yake kumeonekana hofu inayotokana na mapenzi. Sasa mnaweza kuongea kuhusu hofu hiyo. Ungejibu "Nimewaambia siolewi!", usingeiona.

Kwa bosi. Jibu kwanza sehemu ya kweli, kisha utenge dhana. "Kwa nini ripoti imechelewa tena?" "Ya leo imechelewa kwa sababu takwimu za tawi zilifika jana jioni, na naomba radhi. Kuhusu 'tena', naomba tuangalie tarehe za Machi na Aprili." Ukianza na "tena", utaonekana unakwepa.

Kwa muuzaji au ajenti wa nyumba. "Utalipa leo jioni ama kesho asubuhi?" Swali la "ama" lina milango miwili na yote inaingia ndani. Usichague. "Kabla hatujafika kwenye siku ya kulipa, sijaamua kama naichukua. Maji huja siku ngapi kwa wiki?" Malizia na swali lako mwenyewe, la sivyo atarudia lake.

### Mfano mrefu: pesa za chama

Kikao cha Jumapili, mtu anasimama: "Nani alikula pesa za mwezi uliopita?" Wote wanamgeukia mwekahazina.

Kabla ya "nani" kuna maswali mawili yaliyorukwa: je, kuna pesa zinazokosekana? Na kama zipo, zilifika kwanza? Yafuate kwa mpangilio huo, kwa hesabu, kwa sauti. Wanachama 12, kila mmoja 1,000, tulitarajia 12,000. Daftari linaonyesha 10,000. Basi 2,000 hazijaonekana. Sasa kila mtu atoe ujumbe wake wa M-Pesa wa mwezi huo. Zikipatikana jumbe kumi, basi wawili hawakulipa na hakuna aliyekula chochote. Zikipatikana 12, hapo swali la nani lina haki ya kuulizwa.

Zingatia kitenzi: "hazijaonekana", si "zimeliwa". Mwaka 1974 Loftus na Palmer waliwaonyesha wanafunzi filamu ya ajali ya magari. Baadhi wakaulizwa kasi ya magari "yalipogongana", wengine kwa kitenzi kikali zaidi, mithili ya "yaliposagana". Baada ya wiki moja wote wakaulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Vioo vilivyovunjika havikuwemo katika filamu. Walioulizwa kwa kitenzi kikali, 16 kati ya 50 walisema waliviona. Walioulizwa kwa kile cha kawaida, 7 kati ya 50. Kitenzi kimoja kinatosha kupanda kumbukumbu. Chama kikikaa mwezi mzima kikisema "zimeliwa", mwezi ujao watapatikana watu wanaokumbuka, kwa nia njema kabisa, kwamba mwekahazina alikuwa na wasiwasi siku ile. Mtu anaweza kupoteza jina lake hivyo, na jina halirudishwi kwa ujumbe wa kikundi.

### Mfano wa haraka: simu ya "nirudishie"

"Dada, nirudishie ile elfu mbili niliyokutumia kimakosa." Dhana tatu: "nirudishie" inasema zilifika, "ile" inasema unazijua, "niliyokutumia" inasema alituma. Sauti ya kulia inakusukuma ujibu haraka, na haraka ndiyo silaha yenyewe.

Usikubali wala usibishane. Kata simu, angalia salio lako mwenyewe kupitia *334#, usitegemee ujumbe ulioingia kwa sababu ujumbe hughushiwa. Hata kama pesa ziko, usizirudishe kwa mkono wako. Mwambie atume ujumbe wake wa M-Pesa kwa 456 aombe Safaricom izirejeshe. Aliyekosea kweli atafanya hivyo.

## Hatua ya 7: Nyamaza

Ukishauliza, hesabu kimoyomoyo hadi tano. Kimya cha sekunde tano ni kirefu na kinawasha, na wengi hukivunja kwa kuongeza maelezo. Ukiongeza, mwenzako atajibu maelezo na dhana itateleza.

Majibu yanayokuja ni ya aina tatu. "Sikumaanisha hivyo": asante, endeleeni. "Ndiyo, namaanisha hivyo": vizuri pia, dhana imekuwa dai, na dai linaweza kuombwa ushahidi. "Wewe nawe unapenda kubishana": hapo acha, sema "Basi yaishe, nitaliwaza", na urudi siku nyingine. Usimfuate.

## Hatua ya 8: Fungua sentensi zako

Siku ya 13 na ya 14, yule mtu uliyemwandaa akuhoji. Mpe ruhusa ya kukusimamisha mara tatu kwa jioni moja. Chukua pia jumbe zako kumi za mwisho ulizomtumia mtu uliyekasirika naye, uzipitishe Hatua ya 3. Ukikuta "mbona", "tena" na "bado" zimejaa, ziandike upya: "Mbona bado hujapika?" iwe "Chakula kimefika wapi?"

*Utajua umefaulu* ukianza kujisikia ukijirekebisha katikati ya sentensi: "Utakapo... ukiamua kuhama, niambie."

## Panapokwama

Unagundua baada ya maongezi kuisha. Ni kawaida katika wiki ya kwanza. Rudi kesho yake: "Jana nilikujibu haraka, kuna jambo katika swali lako sikuliangalia." Watu wachache hukasirishwa na sentensi hiyo.

Kila mtu anacheka unapohoji. Umehoji mzaha. Rudi Hatua ya 5.

Unahoji dhana ambayo kwa kweli unaijua kuwa ni kweli. Hiyo ni kukwepa, na watu huinusa. Kama pesa ulizipokea, sema ulizipokea.

Kikundi cha WhatsApp kinawaka. Maandishi hayana sauti ya kupoza, na sentensi ileile iliyofaulu jikoni husomeka kama kejeli. Mwandikie aliyeuliza pembeni, au mpigie. Kikundini andika takwimu tu: zilizotarajiwa, zilizoonekana, tofauti.